Nani Hasa Humpa Samaki Aliyechachushwa Ladha Yake?

Kila baada ya muda, video za aina moja huzuka upya mitandaoni. Vijana wanafungua kopo la samaki kutoka Sweden, kopo linatema maji kwa presha, mmoja anakimbia huku kajiziba pua, mwingine anatapika kabla hata hajaonja. Samaki huyo anaitwa surströmming, na hukumu inayofuata huwa ni ile ile: watu hawa wanakula samaki aliyeoza. Hujitokeza wanaopinga, wakisema hajaoza, amechachuka tu. Kisha anakuja mtu na swali ambalo ni la haki kabisa: kama samaki wote wawili wameshambuliwa na vijidudu, tofauti yao ni nini?

Tofauti ipo, ila wengi huitafuta pasipo penyewe. Haihusu kuwepo au kutokuwepo kwa vijidudu, maana vipo kwa wote wawili. Haihusu ukali wa harufu pia. Kinachoamua ni vijidudu gani vilipata nafasi, na ni mazingira gani yaliyovipa nafasi hiyo. Halafu kuna jambo la pili ambalo hata wapenzi wakubwa wa vyakula hivi hawalijui: sehemu kubwa ya utamu unaosifiwa hapa haikutengenezwa na vijidudu hata kidogo. Samaki mwenyewe ameutengeneza, akiwa ameshakufa.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Vijidudu ni viumbe hai vidogo visivyoonekana bila hadubini. Humo wamo bakteria, hamira, kuvu (ukungu unaoota juu ya mkate wa zamani ni kuvu), na kundi liitwalo arkea, ambalo kwa umbo linafanana na bakteria lakini ni ukoo mwingine kabisa. Vimeng'enya si viumbe. Ni protini zenye kazi ya kukata na kuunganisha kemikali. Vimo tumboni mwako sasa hivi vikisaga chakula, na vimo tumboni na katika nyama ya samaki. Kuchachuka ni pale vijidudu na vimeng'enya vinapokibadilisha chakula kwa namna ambayo watu wanaitaka na ambayo haiwadhuru. Kuoza ni mabadiliko ya jamii hiyo hiyo yaliyokwenda kombo. Ufafanuzi huo unaweza kuonekana wa kijanja kwa kuwa unamtegemea mlaji, lakini ndio uliopo.

Saa za kwanza baada ya kufa

Nyama ya samaki mzima aliye hai haina vijidudu. Viko nje na pembeni: kwenye ute wa ngozi, kwenye matamvua anayopumulia, na tumboni. Juu ya ngozi pekee, kila sentimita ya mraba inaweza kubeba kuanzia mamia hadi mamilioni ya bakteria. Uhai ndio uliokuwa ukiwazuia wasiingie, na uhai ukitoka, kizuizi hicho kinaondoka.

Hata hivyo, si bakteria wanaoanza kazi. Vinaanza vimeng'enya vya samaki mwenyewe. Misuli ilikuwa na akiba ya kemikali ya kutolea nguvu, na sasa akiba hiyo inavunjwa hatua kwa hatua. Moja ya hatua za kati ni kemikali iitwayo inosinati, ambayo ulimi wa binadamu unaipenda sana. Hatua za mwisho huleta kemikali nyingine yenye uchungu. Ndiyo maana samaki aliyevuliwa punde anaweza kuwa hana ladha nyingi, saa chache baadaye akanoga, na akiachwa zaidi akapooza na kuanza uchungu, hata kabla hajanuka.

Kunuka ndiko kazi ya bakteria. Samaki wengi wa baharini wana kemikali inayowasaidia kuishi kwenye maji ya chumvi bila miili yao kukauka. Yenyewe haina harufu. Bakteria wa aina chache, kama Shewanella putrefaciens na Photobacterium phosphoreum, huitumia kemikali hiyo badala ya oksijeni, na taka wanayoiacha ni trimethilamini. Hilo ndilo shombo. Samaki aliyetoka majini sasa hivi hana shombo. Anayenuka shombo ameshaanza kuliwa na wengine. Ndimu hupunguza harufu hiyo kwa sababu asidi yake huikamata trimethilamini na kuizuia isipae hadi puani. Haiwaondoi bakteria walioitengeneza, na haimrudishi samaki alikotoka.

Mpaka hapa hatujafika kwenye kuchachusha. Tupo kwenye mbio, na asipoingilia mtu, washindi wanajulikana: ni hao wenye shombo, kwa kuwa wanakua upesi na wanapenda nyama yenye majimaji, isiyo na asidi wala chumvi. Ufundi wote wa kale wa kukausha, kutia chumvi, kufukiza moshi na kufukia samaki ardhini ni njia za kuharibu mbio hizo ili washindi wa kawaida washindwe.

Kinachoonjwa na ulimi

Protini haina ladha. Tafuna kipande cha protini safi na hutapata kitu. Ichukue kama uzi mrefu wa shanga zilizofungwa kwa kukazwa: ulimi hauoni uzi, unaona ushanga mmoja mmoja. Shanga hizo ni asidi amino, na uzi ukikatwa zikamwagika, kila moja huja na ladha yake. Nyingine zina utamu kidogo, nyingine uchungu. Moja, glutamati, inatoa ile ladha nzito ya mchuzi uliokolea ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliitenga kutoka kwenye mwani mwaka 1908 na kuipa jina la umami.

Nani anaukata uzi? Hapa ndipo hadithi nyingi zinapokosea. Angalia mchuzi wa samaki wa kisiwa cha Phu Quoc, Vietnam. Dagaa wa jamii ya anchovi huchanganywa na chumvi mara tu wanapovuliwa, mara nyingi wakiwa bado kwenye mashua, kwa kipimo cha sehemu tatu za samaki kwa sehemu moja ya chumvi. Hawapasuliwi wala hawatolewi matumbo. Wanajazwa kwenye mapipa makubwa ya mbao, wanakandamizwa kwa mbao na vitu vizito, kisha wanaachwa. Chumvi huvuta maji kutoka mwilini mwao. Maji hayo yanakusanyika chini, yanatolewa kwa bomba na kumwagwa tena juu, mara nyingi, kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Siku zinavyokwenda, samaki wanapoteza umbo. Macho yanabaki, mifupa inabaki, nyama inayeyuka na kuwa maji ya rangi ya asali iliyokolea.

Anayeyeyusha nyama hiyo, kwa sehemu kubwa, ni tumbo la samaki. Vimeng'enya vilivyokuwa vikimsagia mlo wake sasa vinamsaga yeye, vikisaidiwa na vile vilivyomo ndani ya misuli. Wafanyabiashara wa huko wanaupima ubora wa mchuzi kwa gramu za naitrojeni katika kila lita. Mchuzi wa daraja la 40 una gramu 40. Naitrojeni hiyo inatokana na protini iliyoyeyuka, kwa hiyo namba iliyo kwenye chupa inakueleza jinsi nyama ilivyosagwa. Haikwambii lolote kuhusu harufu.

Wanaotengeneza heringi wa chumvi kwenye mapipa Ulaya ya kaskazini walilijua jambo hili kwa vitendo muda mrefu kabla ya kemia. Mkato wao wa kisu huondoa matamvua na sehemu ya matumbo tu, na kuacha makusudi vifuko vidogo vya mmeng'enyo. Heringi aliyekatwa kichwa na kusafishwa tumbo lote haivi. Anabaki samaki mwenye chumvi, mgumu, hata akikaa kwenye pipa miezi.

Na Warumi nao walikuwa na garum, mchuzi wa samaki na matumbo yao. Matangi ya mawe ya kuutengenezea bado yanaonekana Baelo Claudia, kusini mwa Hispania, na huko Pompeii mitungi yake imefukuliwa. Kwa hiyo anayedhani mchuzi wa samaki ni kitu cha Asia peke yake amesahau mapishi ya dola nzima.

Kinachofika puani

Sasa vijidudu vinaingia, na kazi yao kubwa ni harufu. Hilo si jambo dogo, maana sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha hupitia puani. Vijidudu vikizuiwa, protini ya samaki huendelea kuyeyuka kwa vimeng'enya vyake. Kinachokosekana ni ile harufu ambayo mtu akiifungulia chupa anasema, naam, huu ndio wenyewe.

Maji ya bahari yana chumvi kama asilimia 3.5. Ndani ya pipa la mchuzi wa samaki chumvi hufika asilimia 25 au zaidi, karibu na kikomo ambacho maji yanaweza kuyeyusha. Bakteria wa kawaida akiwekwa humo anafyonzwa maji yake na kukwama. Ndiyo sababu ukipima vijidudu kwenye pipa tangu siku ya kwanza, jumla yake hushuka mwezi hadi mwezi. Wanaochukulia kuchachusha kuwa ni kuwazalisha bakteria kwa wingi hushangaa wakielezwa hili. Katika pipa zuri, walio wengi wanakufa.

Wanaobaki ni wachache wenye mwili wa kuhimili chumvi. Maarufu kuliko wote ni Tetragenococcus halophilus, bakteria wa duara wanaojipanga wanne wanne, ambao pia hufanya kazi kwenye mchuzi wa soya. Wapo ndugu wa jamii ya Staphylococcus wasio na madhara. Na wapo arkea wapenda chumvi, ambao huja ndani ya chumvi yenyewe: chumvi ya bahari iliyokaushwa kwa jua hubeba matone madogo ya maji ndani ya chembe zake, na arkea hukaa humo wakiwa hai. Yaani anayemwaga chumvi akidhani anaua kila kitu, kwa kweli anapanda mbegu.

Hawa wachache huziokota zile asidi amino zilizomwagwa na vimeng'enya na kuzigeuza kuwa kemikali nyepesi zinazopaa. Asidi amino iitwayo lusini, kwa mfano, inaweza kugeuka kuwa kemikali yenye harufu ya kimea, au ikaendelea mbele na kuwa asidi yenye harufu ya jibini kali. Asidi hiyo ya pili ndiyo pia inayonuka kwenye soksi zilizovaliwa siku nzima. Pua haibishani na kemia. Inaangalia kiasi, na inaangalia kemikali hiyo imefuatana na nani. Waonjaji wa mchuzi wa samaki hutaja harufu tatu zilizoshikana: amonia, jibini na nyama. Ondoa moja, mchuzi unakuwa mwingine.

Chumvi kidogo, mambo mengi

Tukirudi kwenye lile kopo la Sweden, tutaona kilichotokea. Surströmming hutengenezwa kwa heringi wadogo wa Bahari ya Baltiki wanaovuliwa majira ya kuchipua, na siri yake ni chumvi kidogo: ya kutosha kuwazuia waozeshaji, isiyotosha kuzuia wengine. Nafasi hiyo huchukuliwa na Halanaerobium, bakteria wanaopenda chumvi na wasiotaka hewa. Hutoa gesi ya kaboni dioksidi, gesi yenye harufu ya mayai viza, na asidi kadhaa, ikiwemo ile inayonuka siagi iliyochacha. Samaki hutiwa kwenye makopo kazi ikiwa haijaisha, nao wanaendelea mle mle ndani hadi kopo linavimba. Mwaka 2006 mashirika ya ndege ya Air France na British Airways yaliyapiga marufuku makopo hayo kwenye ndege zao, yakihofia yatapasuka.

Neno la tahadhari hapo, kwa kuwa video hazilisemi: kopo la surströmming linavimba kwa desturi yake. Kopo la kawaida la samaki likivimba ni la kutupwa, bila kulifungua na bila kulionja.

Ni kwa nini samaki asichachuke tu kwa asidi, kama maziwa yanavyoganda? Kwa sababu hana sukari. Bakteria wanaotoa asidi ya laktiki hula sukari, na nyama ya samaki ina sukari kidogo mno. Basi watu wakawapelekea. Kwenye ziwa Biwa, Japani, samaki wa jamii ya kapu (carp) huwekwa chumvi kwa miezi, kisha hupangwa kwenye pipa wakiwa wamezikwa ndani ya wali uliopikwa, na kukaa hivyo mwaka au zaidi. Bakteria wanakula wali, asidi inapanda, mifupa inalainika hadi inaliwa. Chakula hicho, funazushi, ndicho mzee wa sushi zote. Uchachu wa wali wa sushi ambao leo unatiwa kwa siki ulikuwa kazi ya bakteria.

Kuna jamii iliyokwenda upande wa pili kabisa. Papa na samaki aitwaye taa hutunza urea mwilini, kemikali ile ile iliyomo kwenye mkojo, ili wasikaushwe na bahari. Wakifa, bakteria huigeuza urea kuwa amonia. Korea Kusini, kwenye pwani ya kusini-magharibi, taa huachwa makusudi hadi amonia inapanda na nyama inakuwa kinyume cha asidi, kiasi kwamba waozeshaji wengi hawawezi kuishi humo. Iceland hufanya jambo linalokaribiana na hilo kwa papa wa Greenland, ambaye nyama yake mbichi ina sumu: hufukiwa kwenye changarawe na kukandamizwa kwa wiki 6 hadi 12, majimaji yakimtoka, kisha hutundikwa kwenye banda lenye upepo kwa miezi kadhaa. Kwa njia hii, vijidudu ndivyo vinavyomfanya papa huyo alike. Mimi binafsi naona huo ndio mfano mzito kuliko yote kwa anayeamini kwamba vijidudu kazi yake ni kuharibu tu.

Afrika Magharibi haihitaji mwaka mzima. Lanhouin ya Benin na Togo huanza kwa kumwacha samaki alegee kwa saa kadhaa, hata usiku kucha, ndipo hutiwa chumvi na kuchachuka kwa siku chache, kisha kukaushwa. Momoni ya Ghana iko karibu nayo. Katika lanhouin wanaotawala ni bakteria wa jamii ya Bacillus, hodari wa kukata protini na kutoa amonia, na ndiyo maana kipande kidogo tu hutosha kukoleza chungu kizima. Anayekula kipande kikubwa akilalamika kimezidi, amekitumia kama kitoweo ilhali kilikuwa kiungo.

Kuvu na jodari mgumu

Kuna kazi moja ya vijidudu ambayo ningependa ijulikane zaidi, kwa kuwa haina uvundo wowote. Katsuobushi ya Japani ni minofu ya jodari mdogo iliyochemshwa, ikatolewa mifupa, kisha ikafukizwa moshi tena na tena kwa wiki kadhaa. Minofu hiyo inakuwa mikavu, myeusi kwa masizi. Kwa bei ya chini huuzwa ikiwa hapo. Ile ya daraja la juu hukwanguliwa masizi, ikapandikizwa kuvu wa jamii ya Aspergillus, na kuwekwa kwenye chumba chenye joto na unyevu. Ukungu unaota. Unatolewa juani, unapanguswa, minofu inarudishwa chumbani, ukungu unaota tena. Mzunguko huo hurudiwa mara kadhaa, na kazi nzima inaweza kula nusu mwaka. Mwishoni vipande viwili vikigonganishwa vinalia mlio wa mbao, na kuvila lazima uviparue kwa randa.

Kuvu anafanya nini mle? Kwanza anakunywa maji: mizizi yake hufyonza unyevu kutoka ndani ambako jua haliwezi kufika. Pili anakula mafuta, ambayo yangeleta harufu ya kuchacha na kuufanya mchuzi usiwe angavu. Supu ya katsuobushi iliyopitia kuvu ni angavu. Tatu, na hili ni la ajabu, anazishika kemikali kali za moshi na kuzibadilisha kidogo, harufu ya moshi ikawa laini. Utamu wenyewe, ule wa ulimini, tena si wake. Ni inosinati iliyotengenezwa na misuli ya jodari saa za mwanzo na kufungiwa humo na joto la kuchemsha, kabla haijafika kwenye hatua ya uchungu. Shintaro Kodama, mwanafunzi wa Ikeda, ndiye aliyeitambua mwaka 1913. Na inosinati ikikutana na glutamati ya mwani kwenye supu moja, ladha hupanda kupita jumla ya zote mbili.

Yanayosemwa sana, na yanayoweza kuua

Huwa nasikia kwamba pua inatosha: kikinuka vibaya kimeharibika, kikinuka vizuri ni salama. Tumeshaona nusu ya kwanza si kweli. Nusu ya pili ndiyo hatari. Clostridium botulinum, bakteria anayetoa sumu ya botulizimu (ugonjwa unaopoozesha misuli na unaoweza kuua), anaweza kukua ndani ya samaki bila kuacha harufu ya kutisha. Hapendi hewa, hapendi chumvi nyingi, hapendi asidi. Aina inayohusishwa sana na samaki, iitwayo aina E, husimama chumvi ya kwenye majimaji ya nyama ikifika kama asilimia 5, lakini inaweza kukua hata kwenye ubaridi wa nyuzi 4 za friji.

Hapo neno "nimetia chumvi nyingi" linakosa maana. Chumvi iliyo nje ya samaki si chumvi iliyo ndani. Inatembea polepole, siku kwa siku, na katika samaki mnene asiyepasuliwa, tumbo lililojaa chakula linaweza kubaki bila chumvi, bila hewa, na lenye joto, kwa muda wa kutosha. Mwezi Aprili 1991 jijini Cairo watu 91 walilazwa kwa botulizimu aina E, na 18 wakafa, baada ya kula fesikh, mkizi wa chumvi anayeliwa sana kwenye sikukuu ya Sham el-Nessim. Mkizi huyo hakuwa ametolewa matumbo. Dagaa wa Phu Quoc nao hawatolewi matumbo, lakini ni wembamba kiasi kwamba chumvi inawafikia upesi. Unene wa samaki ndio uliobadilisha kila kitu.

Wengine husema njia ya jadi ikishadumu karne nyingi haiwezi kudhuru. Njia inaweza isidhuru, na chombo kikadhuru. Wenyeji wa Alaska walizoea kuchachusha vichwa vya samaki kwenye mashimo yaliyotandikwa nyasi, mahali pa baridi. Vilipokuja vyombo vya plastiki vyenye vifuniko, wakavitumia, mara nyingine wakiviweka ndani penye joto ili kazi iende haraka. Plastiki ilifungia hewa nje, joto likaongeza kasi, na wagonjwa wa botulizimu wakaongezeka. Vichwa ni vile vile na wapishi ni wale wale. Jadi nayo haikingi kila kitu: samaki wa chumvi wa mtindo wa Kichina amewekwa tangu 1993 na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani, ile ya nyuma ya pua.

Halafu kuna "ukipika unaua kila kitu". Sumu ya botulizimu kweli huharibika kwa joto la nyuzi 85 kwa dakika 5. Histamini haiharibiki. Hii hutengenezwa na bakteria kutoka kwenye asidi amino iliyomo kwa wingi kwa jodari, vibua na dagaa, hasa samaki wakikaa juani kabla ya kupata barafu au chumvi. Mlaji anawaka uso, anawashwa, kichwa kinagonga, na mara nyingi anadhani ana mzio wa samaki. Chemsha, kaanga, kausha: histamini iko palepale. Viwango vya kimataifa vya Codex vinaruhusu isizidi miligramu 40 kwa kila gramu 100 za mchuzi wa samaki, na kiasi kinachopatikana ndani ya chupa hutegemea sana saa zile za kwanza kwenye mashua.

Ndiyo sababu siku hizi viwanda vingine vinachagua bakteria wa kuwatia kwenye pipa badala ya kungoja wajitokeze. Aina fulani za Tetragenococcus hutengeneza histamini. Nyingine hazitengenezi, na zikitangulia kujaa kwenye pipa huwanyima nafasi wale wabaya. Hilo naliona ni jambo jema. Lile la pili linanitia shaka: kuongeza joto na vimeng'enya vya kununua ili mchuzi wa mwaka mzima upatikane kwa muda mfupi. Vimeng'enya havihitaji mwaka, vikipewa joto vinasaga protini upesi, na namba ya naitrojeni kwenye chupa inapanda kama kawaida. Bakteria wa chumvi ndio wasioweza kuharakishwa. Kwa hiyo ulimi unapata karibu kila kitu, na pua inapata kidogo sana, upungufu ambao kipimo kilichoandikwa kwenye chupa hakina namna ya kuuonyesha.